Nimepita Tu Kukuona

Fundi, mshona nguo wa mtaani, alianza kujifunza Kiingereza uzeeni, na mtaa mzima ukamcheka. "Mama, unagombea ubalozi nini?" jirani yake muuza mkaa alimtania kila alipomwona na daftari kwapani. Fundi alimwambia auze mkaa wake amwachie na mambo yake.

Sababu alikuwa nayo. Mjukuu wake wa pekee, binti wa miaka sita, hakujua Kiswahili. Katika nyumba ya mwanawe Kiswahili kiliishia getini, kwa mlinzi. Bibi akienda kuwatembelea, yeye na mtoto hukaa wakitazamana na kuchekeana kama mabubu wawili. Jambo hilo lilimchoma, jamani. Baba wa mtoto huyo alilelewa na nani kama si yeye, chini ya meza ya cherehani, akisimuliwa hadithi mpaka analala juu ya vitambaa?

Basi akajiandikisha darasa la watu wazima, akakaa benchi moja na kinyozi na fundi magari. Mtaa mzima ulijua. Asiyejua ni mwanawe tu, maana ujue vipi habari za mtaa usioukanyaga? Fundi naye hakumwambia. Alitaka mtoto awe wa kwanza kumsikia.

Siku moja mwalimu, msichana mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake, alifundisha maneno ya kwenda kwa mtu bila mwaliko. Waingereza wanayo tele: drop in, drop by, pop in. "Yote ni kupita tu," alisema. "Unasalimia, unaondoka."

"Sisi pia tunasema nimepita tu," fundi magari akadakia, "halafu tunakaa mpaka sufuria ionekane chini!"

Darasa likaangua kicheko. Fundi hakucheka sana, alikuwa anakariri. Alijichagulia sentensi moja, akaisema akipima nguo, akaisema akitia uzi sindanoni, hadi wateja wakadhani anaomba dua. Sentensi yenyewe ni hii: I just dropped in to see you. Nimepita tu kukuona.

Jumamosi akavaa gauni lake la heshima, akachukua sketi ya shule aliyomshonea mjukuu, yenye pindo refu ili iongezwe mtoto akirefuka. Kupiga simu? Tangu lini mama akaomba miadi kwa mwanawe?

Aliwakuta mezani. Mtoto alikuwa chumbani kwake anacheza. Mwanawe akainuka, "Shikamoo mama, karibu," akamvutia kiti. Mkewe akamwamkia, akatabasamu, akaleta sahani. Kisha wale wawili wakageukia Kiingereza, taratibu, na nyuso za ukarimu, kama walivyozoea kufanya mbele yake.

"Amedrop in tena," mke alisema. "Hata simu hapigi. Leo nina wageni mimi."

Fundi alilisikia neno lake. Moyo ukamruka kwa furaha kabla akili haijafika. Halafu akili ikafika.

"Hakai sana," mwanawe akajibu kwa Kiingereza hichohicho, akimpakulia mama yake chakula. "Nitamwambia tunasafiri, apumzike kuja. Mtoto mwenyewe hana la kuongea naye."

"Mwambie wewe. Mama ni wako."

Si kila neno alilipata, lakini aliyoyapata yalimtosha. Mkwe angesema apendavyo, mkwe ni mtoto wa watu. Lakini yule! Yule aliyelala juu ya vitambaa! Fundi akalisukuma tonge kwa maji. Laiti asingesoma, alijiambia. Ujinga wake ulikuwa unamfichia mengi.

"Mama," mwanawe akarudi kwenye Kiswahili, sauti laini kama pamba, "tunasafiri wiki ijayo. Tutakawia kidogo. Usijisumbue kuja mpaka nikupigie, sawa?"

"Sawa, baba."

"Si umeelewa?"

"Nimeelewa."

Akanawa mikono, akajifunga mtandio. Hapo mtoto akatoka mbio chumbani, akamrukia bibi yake kiunoni. Fundi akampa sketi. Akainama mpaka macho yao yakakutana. Sentensi hakuja nayo kwa ajili ya kumkomoa mtu. Ilikuwa ya mtoto huyu, na ahadi ni deni hata kama umejiahidi mwenyewe. Akaisema yote, polepole, bila kukosea.

"I just dropped in to see you."

Mtoto akaachama. Kisha akapiga makofi, akawageukia wazazi wake akipiga kelele kwa Kiingereza: "Bibi anaongea! Bibi anaelewa tunayosema!"

Mezani kijiko kilianguka. Mke aliinamisha uso kwenye sahani. Mwanaume yule, na ndevu zake zote, alisimama akakaa, akasimama tena.

"Mama… tangu lini…"

Fundi alikuwa amekwisha kufika mlangoni. Mwanawe akamfuata hadi getini, pekupeku, akimwita mama, mama, mbele ya mlinzi. Fundi akageuka, akamtengenezea kola ya shati iliyokuwa imekunjika, maana mkono ulizoea.

"Safari njema, mwanangu," alimwambia, akashika njia.