Kutoka Benchi la Nyuma

…mbolea, halafu udongo kidogo, ndipo mbegu, bwana shamba anasema na kuchora shimo ubaoni, lakini Mama Pacha, huku kwenye benchi la wanawake, wanawake walioitwa mafunzoni leo kwa mara ya kwanza, hatazami ubao, anatazama kisogo cha mumewe kule mbele kwa wanaume, kinaitikia tu, ndiyo, ndiyo, kama bila shaka kilivyoitikia mwaka jana, kisha akarudi nyumbani akasema weka mbolea, tupia mbegu juu yake, funika, naye akafunika shamba zima, kiuno kikimkatika, mbegu zikaunguzwa na mbolea ardhini, watoto wakala kwa shemeji, chakula cha masimango, na yeye alimlaani mumewe, Mungu amsamehe, alimlaani kimoyomoyo kila siku, kwamba anakwenda mafunzoni kupiga soga tu… “Mbona mnanitolea macho kama nimekuja kuposa?” bwana shamba anatania, darasa zima kicheko, na kisogo kimetulia tuli, kinageukia jirani, kinaona meno, ndipo kinacheka, peke yake, wenzake wameshanyamaza… Ee Mola, tangu lini? Ndiyo maana redio inafunguliwa mpaka majirani wanalalamika, ndiyo maana anaitwa, anaitwa, haitiki, naye akadhani ni kiburi, kumbe hasikii, hasikii maskini na aibu imemkaba, mwanaume mzima atamwambia nani, na leo atarudi na yaleyale, weka, tupia, funika, na mwenye kauli nyumbani ni mume, akimbishia utakuwa ugomvi, na mbegu iliyobaki ni hiyo ya mwisho, ikiungua hiyo… lakini akisema hapa kwamba hasikii, atakuwa amemvua nguo mbele ya ndugu zake, basi anyamaze? Huruma inauma kuliko ile hasira… “Hakuna swali?” bwana shamba anapangusa chaki mikononi, anataka kufunga, na mkono uko juu, ni wake, hajui umepandaje, shingo za mashemeji zimegeuka… “Ehe, mama?” “Bwana shamba, sisi huku nyuma hatusikii vizuri,” anasema, na jirani yake anamkata jicho, maana wamesikia kila neno, “tunaomba urudie kuanzia kwenye mbolea, ukisimama hapohapo mbele, pole pole, upaze sauti kabisa, tusikie sote.”