Ufagio wa Saima

Saima aliniambia mwenyewe kwa simu: "Irja, mwaka huu uje kweli. Daktari akinieleza habari za moyo wangu ananibembeleza kama mtoto. Kiangazi kingine mimi sikioni." Nikamwambia aache uchuro. Nilipoweka simu chini nikalia. Tumekua pamoja, tumepaa samaki pamoja bandarini tangu usichana, na nilichotaka ni kumwona tu, basi.

Jumamosi ya sikukuu ya kiangazi tukapanda boti, mimi na mume wangu Onni, na mkate wa iliki nimeufunga kitambaani ungali moto. Tulipokaribia gati la Saima nikaanza hodi zangu huko huko majini, maana ndivyo tulivyozoeana. "Hodi we bibi kizee! Teleka kahawa!"

Kimya. Tukapanda njia ya mawe, nikapiga hodi tena. Matawi ya mibetula, ile miti yetu ya gome jeupe, alishayasimamisha kwa sikukuu pande zote mbili za mlango. Na mlangoni penyewe umeegemezwa ufagio.

"Hayupo," alisema Onni.

"Atakosaje kuwepo na katualika mwenyewe?"

"Ufagio huo hapo, mama. Unataka nini tena, akupigie tarumbeta?"

Kwetu visiwani kufuli ni mambo ya watu wa mjini. Ukitoka, unaegemeza ufagio mlangoni, na mwenye adabu akiuona anarudi alikotoka. Kuupita ufagio wa mtu ni sawa na kumwibia. Tumelelewa hivyo, na wazazi wetu wamelelewa hivyo.

"Nichungulie tu," nilisema, mkono nimeshaunyoosha.

"Mlango wenye ufagio? Irja, tusiaibishane uzeeni."

Nikaurudisha mkono. Hasira zikanipanda, nikazimaliza kwa Saima. "We Saima kichwa maji!" nilipiga kelele. "Unaalika watu halafu unakwenda kutanga! Kumbe moyo ndio mgonjwa, miguu mizima!" Onni alicheka mpaka akapaliwa.

Tukakaa ngazini, tukanywa kahawa yetu ya chupa, tukingoja. Hapo nikaona vidato vya juu ni safi, vya chini vimejaa majani. "Tazama, hata kufagia hakumaliza," nilisema. "Uvivu huu kauanza lini?" Ndiyo, nilisema hivyo, kwa kinywa changu hiki.

Jua lilipohamia upande wa pili wa kisiwa nikaufunga mkate kwenye kitasa, tukaondoka. Nilinuna njia nzima.

Jumatatu jirani yake Kaarlo alimpelekea samaki. Akaukuta ule mkate kitasani, shakwe wameutoboatoboa, naye akajua kuwa mtu hawezi kuwa matembezini siku zote hizo za sikukuu. Akausukuma ufagio kando. Saima alikuwa sakafuni jikoni, kichwa kimeelekea mlangoni, angali anapumua.

Hakuwa ametoka popote. Alikuwa akitufagilia ngazi. Kifua kilipombana aliuegemeza ufagio palipokuwa karibu, akaingia kutafuta dawa zake, akaanguka. Jamani! Mimi nimekaa pale nakunywa kahawa, kati yangu na yeye ni ubao wa mlango tu.

Siku hiyo hiyo Onni alinipeleka hospitali ya mjini alikolazwa, lakini kuingia chumbani hakuthubutu. Alibaki kwenye korido na kofia yake mkononi, akirudia neno moja kwa wauguzi: "Ufagio ulikuwa mlangoni. Ufagio ulikuwa mlangoni." Wale wasichana wa mjini hawakumwelewa.

Mdomo wa Saima ulikuwa umeenda upande. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Nisamehe, dada. Tulijua umetoka. Ungegonga hata kikombe, ningesikia."

Alinitazama. Maneno yalikuwa yakimtoka kwa shida, moja moja.

"Hodi zako nilizisikia," alisema.

"Zote?"

"Zote. Ya botini. Ya mlangoni." Akapumzika. "Na matusi."

Nilitaka acheke, kwa sababu miaka yote matusi yangu yalimchekesha. Hakucheka. Hakuwa na hasira pia, na hilo ndilo lililonimaliza. Alikufa jioni ile ile, jua bado liko juu kama ilivyo kiangazi kwetu.

"Nilikujibu, Irja," alikuwa ameniambia. "Kila ulipopiga hodi, nilisema karibu."