Mtoto Aliyelilia Jina

Hebu nikuulize: umewahi kumsikia mtoto wa jirani akilia tangu asubuhi, nawe ukajua anacholilia, ukajua kimo humo humo nyumbani mwako, na bado ukainamisha kichwa ukaendelea kushona?

Ndivyo alivyofanya Savfak majira yale jua lilipokuwa limerudi na kukataa kutua. Alikaa dirishani, ngozi ya sili mapajani, akitafuna ukingo wa soli ya buti mpaka ulainike, kisha akitoboa kwa sindano na kuvuta uzi wa kano. Mshono wake ulikuwa wa kubana hivi kwamba hata maji ya bahari yalitafuta pa kupenya yakakata tamaa. Nyumba ya pili, kwa Qillaq, mtoto wa kaka yake, kitoto cha kike kilichozaliwa juzijuzi kilikuwa kikilia. Hakikulia kwa njaa, kwa kuwa kilinyonya vizuri. Wala hakikulia kwa ugonjwa, maana muuguzi alikipima masikio, koo na tumbo, asione kitu.

Basi wanawake wakajua ni jina. Kila mtoto huja akiwa na mtu wake miongoni mwa waliotangulia, na asipoitwa kwa jina la mtu huyo atalia mpaka aitwe. Wakamjaribia majina ya marehemu, moja baada ya jingine, ya wanaume na ya wanawake, maana jina halijali suruali wala sketi. Mtoto alinyamaza kidogo, akasikiliza, akakunja uso kama mteja aliyeonyeshwa samaki wa jana, kisha akaendelea pale alipoachia.

Likabaki jina moja, wala hakuna aliyethubutu kulitaja. Jina la marehemu hufungiwa kinywani mpaka apatikane wa kulibeba, na mwenye ufunguo ni mjane. Mume wa Savfak alikwenda na ugonjwa wa kifua, majira ya baridi ya mwaka juzi, na tangu siku hiyo jina lake lilikuwa halijatoka mlangoni kwa mkewe. Nami sitalitaja kabla yake.

Watu walisema anamwekea mjukuu, mtoto atakayezaliwa na binti yake aliyehamia kusini. Savfak hakukanusha. Uongo ulioshonewa na wengine hukaa vizuri kuliko ule uliojishonea mwenyewe.

Inaluk, shoga yake wa tangu utotoni, aliingia bila kubisha hodi, akaweka mezani kisahani cha ngozi ya nyangumi na mafuta yake.

"Masikio yako mazima, wewe?"

"Mazima."

"Basi kilichoziba ni moyo."

"Kula, Inaluk. Mdomo wenye kitu hausemi ovyo."

Inaluk akakata kipande, akakitafuna taratibu. "Wanawake bahili wa nyama nimewaona wengi. Bahili wa mume aliyekwisha kufa, ndiyo kwanza leo."

"Binti yangu atazaa."

"Binti yako ana miaka arobaini na paka wawili!"

Savfak alicheka, akajilaumu kwa kucheka. Inaluk alipoondoka, sauti ya mtoto ikabaki chumbani kama moshi.

Ukweli alioufunika ulikuwa mdogo, na ndiyo maana ulimchoma. Majira yake ya mwisho ya machipuko, mumewe alisimama pale mlangoni, mjeledi mkononi, mbwa wakipiga kelele nje. Kazi yake kila mwaka ilikuwa kuwapeleka wapima barafu kwa sleji ya kukokotwa na mbwa hadi kwenye mdomo wa ghuba. "Leo twende wote," alimwambia. "Tutapiga hema, utavua samaki kwenye tundu la barafu kama zamani." Naye akajibu, bila kuinua macho, "Nina ngozi za kushona."

Ngozi zilikuwepo, ni kweli. Lakini alikuwa anaogopa. Utotoni aliivuka barafu ile akiwa amelala juu ya sleji, kama anayevushwa kutoka chumba hadi chumba. Sasa ilikuwa inachelewa kuja na inaharakisha kuondoka, na mkondo uliila kutoka chini huku uso wake ukiwa ule ule mweupe, kama mtu anayetabasamu huku akiumwa. Sleji ya jirani ilizama na mbwa wake wote mahali ambapo wazee walikuwa wakipiga kambi.

Na angesemaje kwamba anaogopa, yeye, mjukuu wa mtu aliyempeleka mgeni mpaka mwisho wa dunia, kwenye ncha ya kaskazini? Babu yake alikuwa akiisimulia safari ile kwa maneno machache: "Tulifika mahali hapana sili, hapana mwamba, hapana mtu. Mgeni akalia kwa furaha, akasimika kitambaa chake. Mimi nikawatazama mbwa wangu, nikauliza: haya, tunarudi lini?" Ukoo mzima ulicheka kila mara. Katika ukoo wa namna hiyo, hofu ya barafu ilikuwa aibu kama kuiba.

Mumewe hakumwomba tena. Baridi iliyofuata, kifua kikamchukua. Sasa jina lake likirudi, litarudi na macho. Yatamtazama, naye atadaiwa jibu.

Mchana huo akaja Solvej, mpima barafu kutoka Denmark, kuchukua buti zake. Lugha ya pale aliijua, ila aliitembea kama mtu aliye juu ya utelezi, hatua kwa hatua. Akavaa buti la kwanza, akalikanyaga, akatabasamu.

"Leo nilitaka kumfokea Qillaq bure, mama. Amefunga sanduku la vyombo nyuma kabisa ya sleji."

"Kosa liko wapi?"

"Hakuna kosa. Ila yule mzee wangu, aliyeniendesha kabla yake, hakukubali kamwe. Keekee la kutobolea barafu magotini mwangu, betri mgongoni mwangu, na nyuma yake nafasi tupu, imetandikwa ngozi ya kulungu wa kaskazini. Nikamwambia, mzee, nafasi si ile pale? Akaniambia, 'Pale pana mtu.'" Solvej akacheka. "Nikageuka kutazama! Nilidhani ni mambo ya mizimu."

Sindano ya Savfak ilisimama. "Hata safari ya mwisho?"

"Ya mwisho ndiyo zaidi. Kila tuliposimama, aliikung'uta theluji ile ngozi, akaitandika upya. Mpaka leo sijui alikuwa anamngoja nani."

Savfak akasimama. Kibweta cha kano kikamwagika sakafuni, asikiokote.

"Mama! Buti la pili?"

"Mguu mmoja utamngoja mwenzake," akasema, tayari yuko nje.

Kwa Qillaq walikuwa wamejaa. Inaluk alikuwepo, bila shaka. Ivalu, mama wa mtoto, alizunguka chumba na kitoto begani, macho yamemwingia ndani kwa kukosa usingizi. Walipomwona Savfak wakanyamaza wote, isipokuwa yule mmoja.

"Shangazi, karibu," Qillaq alianza. "Hatukutaka kukusumbua..."

Savfak akanyoosha mikono. "Nipeni mume wangu."

Ivalu aliachama, kisha akamkabidhi, na machozi yakamtoka pamoja na kicheko. Savfak akampakata mtoto, mwekundu kama nyama mbichi, kinywa wazi.

"Masikini, amerudi hana meno!" Inaluk akasema.

"Kwani aliondoka nayo mangapi?"

Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Savfak akangoja kipite. Akalilegeza lile neno lililokaa kooni majira mawili ya baridi, akalitoa.

"Odaq."

Mtoto hakunyamaza papo hapo. Alilia kidogo, akashikwa na kwikwi, akalia tena kama anayejaribu kukumbuka ni kwa nini, kisha akafumbua macho. Yalikuwa ya kijivu, yenye kutazama na kutotazama. Desturi ilitaka sasa amkaribishe, amwahidi buti zake za kwanza. Wote walingoja maneno hayo. Savfak akainama mpaka mdomo wake ukagusa sikio lile dogo la moto.

"Odaq," akasema, "zile ngozi zingengoja. Niliogopa barafu, nikaona haya kukwambia. Nilitaka kwenda. Siku ile nilitaka sana kwenda nawe."