Fimbo Iliyonyamaza Mtaroni

Fundi Dullah alipoileta ile fimbo, Scholastica hakuishika. Aliitazama kama mtu anavyomtazama mbwa aliyekwisha kumuuma mtoto.

"Sasa imepona, mama."

"Hata juzi ulisema hivyo."

Juzi fimbo, ambayo hulia ikikuta shimo, ilinyamaza, Robi akatumbukia mtaroni. Robi haoni tangu utotoni. Scholastica, mjane asiyejaliwa mtoto wa kiume, alimwoa kwa mila ya Wakurya ya nyumba ntobhu, mwanamke kumwoa mwanamke ampatie watoto, na sasa tumbo la Robi lilikuwa limekua. Kule mtaroni Mungu alimsitiri, akachubuka goti tu. Lakini njia ya kliniki hapa Nyamongo imejaa mashimo ya wachimbaji, na Robi amekataa katakata kushikwa mkono kama mbuzi anayepelekwa mnadani.

Dullah akaonyesha kichwa cha fimbo. Vifaa viwili vidogo kama vifungo vya shati: kimoja hutazama mbele, kingine chini. Kila kimoja hutoa mlio usiosikika kwa sikio la mtu, kisha hungoja mwangwi wake.

"Vilikaa kwenye plastiki moja," akasema. "Mlio wa huyu ukapita ndani ya plastiki, yule akadhani ni mwangwi wa ardhi. Shimo lipo, yeye anasema ardhi hii hapa. Nimeikata plastiki katikati, nikapachika mpira wa tyubu ya baiskeli. Mpira unameza mlio."

"Twende tuone," akasema Robi, aliyekuwa akisikiliza kando.

Wakaenda kwenye mtaro uleule. Scholastica akamfunga Robi kitenge kiunoni, akashika ncha, midomo ikimtaja Bikira Maria. Robi akapiga hatua, kitenge kikakaza. Akasimama.

"Mama, umenivuta."

"Sijakuvuta."

"Basi mkono umevuta wenyewe. Nikisimama, nitajuaje ni fimbo au ni wewe? Dullah kahangaika kuwatenganisha hao wawili, nawe unakuja kuwa wa tatu."

Dullah akaangalia pembeni asicheke.

Scholastica akalegeza. Kitenge kikaburuzika vumbini. Robi akaenda taratibu, tumbo mbele, fimbo kimya. Hatua nyingine, kimya. Jina la Robi lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wa Scholastica, akaung'ata.

Fimbo ikalia, sauti kali kama ya kifaranga. Robi akasimama palepale, ukingo ukiwa karibu na vidole vyake.

"Imelia," akasema. "Sasa nifungulie hiki kitenge. Turudie, nitokee upande nisioujua."

Scholastica akainama. Fundo lilikuwa gumu. Alilifungua.