Daftari la Waliofutwa

Kifuniko cha sufuria kiligonga mara tatu, kikanyamaza, kikagonga tena. Stima ilikuwa imepotea tangu saa kumi na mbili jioni, na katika giza la chumba kile kimoja cha mtaa wa Skuta, Naliaka alijua kwa sauti hiyo peke yake kwamba githeri ilikuwa imebakisha maji kidogo. Aliinuka akaongeza. Mgongoni mwake Lennox, wa miezi minane, alikuwa amelala fofofo, mdomo umefungwa, huku analia.

Hiyo ilikuwa siku ya tatu. Alilia akinyonya bila kuachilia titi. Alilia akicheka. Hospitalini daktari alimpima joto, akamchungulia masikio, akaandika kwenye kadi: "Analia akiwa amelala. Anyonyeshwe vizuri." Nesi alisema wa kwake alifanya hivyo alipoota meno, ila si kwa sauti ile. Sauti yenyewe ilikuwa kama ya mtu mzima aliyejifungia chumba cha pili.

Naliaka alimpigia simu mama yake, huko Kimilili.

"Huyo mlimwita nani?" mama akauliza.

"Lennox."

"Lennox ni nani kwetu?"

"Ni jina tu, mama. Wasike alilipenda."

"Basi kuna mtu anadai jina. Taja marehemu."

Kwao jambo hilo halikuwa geni. Mtoto akilia bila kukoma, wazee hutaja majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, na likifika lile lenye mwenyewe, mtoto hunyamaza. Basi, huyo ndiye. Naliaka alitaja babu zake wote wawili, shangazi aliyekufa na ujauzito, mjomba aliyeenda Uganda asirudi. Kwa simu ya pili alimpigia mumewe, Wasike, polisi aliyekuwa kituo cha Kutus, karibu na Mwea, naye akatoa wa upande wake kwa utaratibu, kama mtu anayesoma orodha ya zamu. Lennox aliendelea kulia.

"Hao ndio wote?" mama akauliza.

"Ndio wote."

"Na hakuna mwingine ambaye umemzika wewe?"

Naliaka alifikiri. "Sijazika mtu, mama. Nimefuta tu."

Kazi yake ilikuwa kufuta. Juu ya agroveti moja mjini Nyeri, katika ofisi yenye kompyuta mbili na harufu ya dawa ya kupe iliyopanda kutoka chini, bosi wake, Gicheru, alichukua michezo ya simu ambayo watu wa nchi za mbali walikuwa wameitengeneza na kuitoa bure, akaibadilisha jina na picha ya mbele, akaiuza mtandaoni. Kila mchezo ulikuja na masharti yake, na masharti yalikuwa yale yale: chukua, tumia, geuza upendavyo, hata kuuza uza, ila majina yetu yaache yalipo. Majina hayo yalikaa ukurasa wa mwisho, ambapo wachezaji wachache hufika. Naliaka, mwenye cheti cha kompyuta alichokisotea jioni kwa miaka miwili, ndiye aliyeuondoa ukurasa huo.

"Ni kama maji ya mlima," Gicheru alimwambia siku ya kwanza. "Huko mtoni ni ya bure. Ukiweka kwa chupa, watu wananunua. Umewahi kuona chupa imeandikwa jina ya Mungu?"

Naliaka alicheka, kwa kuwa ilikuwa siku ya kwanza.

Lakini jina la mtu hakuweza kulitupa hivi hivi. Kila alilolifuta aliliandika kwanza katika daftari la shule lenye karatasi za mistari. Hakuwa na sababu. Lilikaa chini ya godoro pamoja na kadi za kliniki.

"Hao wako hai, mama," alieleza kwenye simu. "Wako Ulaya, wengine India. Labda sasa hivi wanakula."

Mama akauliza, "Aliyefutwa na aliyekufa, wakilia, wewe utawatofautisha? Soma."

Naliaka aliwasha tochi ya ile simu ya pili akasoma. Katika ukurasa wa tatu alifika kwa Jorma Hakasalo, aliyechora miti katika mchezo wa mbwa wanaovuta gari kwenye theluji. Kilio kikakatika. Kikasikika tena kifuniko cha sufuria.

"Ameshikwa na nani?" mama akauliza.

"Jorma."

"Mkaribishe," mama akasema, akakata simu kabla salio halijaisha.

Wasike aliandika jina hilo kwenye kitabu chake cha mfukoni huko Kutus, akauliza herufi moja moja. "Bora tu si mtu tunamtafuta," akasema.

Wiki iliyofuata alianza kulia mtoto mdogo wa Mama Shiku, jirani wa mlango wa pili, ambaye ndiye aliyemlea Nafula, binti mkubwa wa Naliaka, zile jioni za masomo. Mama Shiku hakutaka kusikia habari za daftari. "Wangu ako na jina ya baba mkwe," alisema. "Kwetu jina haiangukii mtoto ovyo ovyo, iko na laini yake." Alivumilia siku mbili. Siku ya tatu alisimama mlangoni na mtoto begani, anayelia huku akitafuna ndizi.

"Haya soma, Mama Nafula. Lakini tafadhali usiniletee jina ngumu."

Akapata Pradeep. Alilirudia mara nne njiani kuelekea mlangoni kwake, akaona si baya.

Kufikia mwezi wa sita, Jumamosi kulikuwa na foleni. Walikuja kutoka Kamakwa na Ruring'u, wengine kutoka Karatina, watoto wamefungwa shali mbili mbili kwa ajili ya baridi. Aliyenyamaziwa na mtoto aliacha viazi au maziwa, ingawa Naliaka hakuomba. Kwenye kliniki ya kupima uzito, nesi aliita "Ilse Wangui!" bila kuinua kichwa. Padri alibatiza bila kuuliza, ila aliomba majina yaletwe mapema, yameandikwa. Kila mtu alijua yalikotoka. "Ni ya wale watu wa game," walisema, wakitikisa vichwa kwa huruma, na kwenye foleni hiyo hiyo watoto wao wakubwa waliicheza michezo ya Gicheru wasichoke kungoja.

Naliaka alimwendea Gicheru.

"Bosi, wale watu wanalia."

"Gani?"

"Tunaowafuta."

Gicheru alikuwa amesikia. Mji si mkubwa. Hakukasirika. Alimvutia kiti. "Mama Nafula, mwanzo majina yao yalikuwa mahali hakuna mtu anasoma. Saa hii yanaitwa kila asubuhi watu wakitafuta watoto wa kuosha. Hiyo si heshima? Na watoto wananyamaza. Shida iko wapi?"

Naliaka alitafuta shida ilipo, akaiona vizuri kabisa, akakosa pa kuishikia. Alirudi kwenye kompyuta yake.

Jumatatu moja ya mwezi wa saba, ukungu ukiwa umefunika hata paa la kanisa, Gicheru alikuja nyuma ya kiti chake akisugua mikono.

"Hii nimeipata jana. Ni safi sana, ati hata ni ya huku kwetu. Inaitwa Ndege wa Mwea."

Naliaka aliifungua. Mpunga ulisimama kwenye maji, kijani kibichi. Kutoka juu kweleakwelea walishuka kama moshi, na chini kulikuwa na mkono wa mtoto umeshika tope. Hakuhitaji kuendelea. Mkono ule aliuchora yeye, kwa kuuangalia wa Nafula, miaka mitatu nyuma, baada ya kumtembelea Wasike na kuona watoto wa Mwea wakisimama kwenye matuta kutwa nzima, wakirusha tope na kupiga kelele ili ndege wasimalize mpunga wa watu. Alitumia jioni arobaini. Mwalimu wa masomo ya jioni alisema kitu kizuri utoe bure, uweke jina analokuita mama yako, uache mlango wazi. Akauacha wazi. Kilikuwa kitu pekee duniani chenye jina lake ambacho hakikuwa kitambulisho wala kadi ya kliniki.

Gicheru alisogea akasoma ukurasa wa mwisho. "Naliaka. Ona, hata ni jina kama yako."

"Ni mimi, bosi."

Gicheru alitazama skrini, kisha akamtazama yeye. Chini, mtu alikuwa anabishana bei ya chumvi ya ng'ombe.

"Kama ni wewe, basi hii ndiyo rahisi kuliko zote," akasema kwa upole. "Hakuna mtu utakuwa umekosea."

"Ningeomba hii moja tuache jina."

"Nikiacha hapa, kesho utaniambia niache kwa zile zingine. Na hiyo kontrakti yako inaisha Ijumaa, nilikuwa nataka kuongeza." Alimgusa bega, si kwa ubaya. "Toa huo ukurasa, mama, twende chai."

Naliaka alikaa na kidole juu ya kitufe mpaka skrini ikafifia yenyewe. Akaiamsha. Akafuta. Kwenye daftari hakuandika kitu, maana kwao mtu haweki jina lake kati ya wanaoombolezwa ilhali anapumua.

Jioni hiyo alimwangalia Lennox Jorma, akingoja. Mtoto alikula uji, akapumua, akalala kimya kama mtoto yeyote.

Aliyeanza kulia ni wa Gicheru. Mkewe, Kagure, alikuwa amejifungua msichana wiki hiyo, na mama yake Gicheru, bibi mmoja mrefu aitwaye Watiri, alikuwa ameshuka kutoka Othaya na kiondo cha njahi, maharagwe meusi anayopikiwa mzazi, kumwona Watiri mdogo. Miaka kumi na miwili ya ndoa, wavulana watatu, na sasa ndiyo alikuwa amepata wa kumrithi jina. Walimwita Watiri, mtoto akalia. Walimwita tena kwa sauti kubwa zaidi. Jumamosi walikuja Skuta wakasimama kwenye foleni kama wengine, nyuma ya mwalimu wa nasari.

Naliaka alisoma daftari lote. Kagure, macho yamevimba kwa kukosa usingizi, alimwomba asome tena. Akasoma tena, taratibu. Mtoto alilia usingizini, ngumi zimefumbwa.

"Hayo ndiyo yote?" Kagure akauliza.

"Kuna moja sijaliandika."

"Si uliseme, mama!"

"Siwezi kujiita mwenyewe juu ya mtoto wa mtu. Kwetu huko ni kujiitia kifo." Naliaka alifunga daftari. "Bosi analijua."

Gicheru alikuwa anaangalia viatu vyake. Kwa miaka miwili alikuwa amemwita Mama Nafula, na wewe, na siku moja ya Krismasi, dada. Alikohoa.

"Naliaka," akasema.

Kilio kikakatika. Mtoto akafumbua ngumi moja, akaifumba tena.

Bibi Watiri alimtazama mjukuu wake kwa muda mrefu, kisha akafunga kiondo chake. "Si neno," alisema. "Mimi nitangoja mwingine." Ilibidi Kagure amshike mkono kushuka ngazi.

Naliaka alisimama mlangoni. Alidhani Gicheru angegeuka, naye alikuwa tayari kusema si kitu, ni ukurasa mmoja tu kuurudisha, hata dakika tano haziishi. Gicheru aligeuka kweli, mtoto kifuani, uso umelegea kwa shukrani.

"Asante sana, Mama Nafula. Jumatatu usichelewe, kuna mpya tatu."

Mchezo wa Ndege wa Mwea uliuzika kuliko michezo yote iliyotangulia. Mwezi wa nane, Mama Shiku alimnunulia Shiku mchezo huo kwenye simu yake, na jioni moja watoto waliketi kwenye kizingiti na simu hiyo huku Naliaka akichagua mawe kwenye mchele ambao Wasike alikuwa ameleta. Ndege walishuka. Shiku alirusha tope. Kutoka kwenye simu, sauti ya mtoto wa miaka mitatu ikapiga kelele, "Nendeni kwenu!" Ilikuwa sauti ya Nafula, iliyorekodiwa zamani katika chumba hiki hiki. Gicheru hakuwa ameagiza iondolewe, kwa kuwa sauti si jina.

Nafula alikuwa darasa la kwanza na alisoma kila kitu: pakiti za sabuni, mifuko ya unga, maandishi ya ukutani. Aliichukua simu, akapita hatua zote za mpunga hadi mavuno, akafika ukurasa wa mwisho ambapo wengine hawafiki, ambao sasa ulikuwa na matangazo ya Gicheru tu mahali pa majina. Alipitisha kidole chini ya kila mstari, polepole, akarudi juu, akapitisha tena.

"Mama," akasema, "hapa hawajaandika jina lako."