Bi Mvuke Aliyetoka Kazini Saa Kumi

Katika chumba cha pasi cha kampuni ya udobi, Bi Mvuke alikuwa ameshakunja mashuka thelathini na sita, ameshika la thelathini na saba kwa pembe zake mbili, saa ya ukutani ilipofika kumi jioni. Hapo akatoka kazini. Pia akaendelea kupiga pasi.

Sababu yake ilikuwa daftari. Karani wa mahudhurio, mtu mpole mwenye mwandiko ulionyooka kama mshono, alikuwa akiandika kila siku kwamba wapiga pasi wote kumi na wawili wametoka saa kumi. Walikuwa wakitoka saa kumi na mbili, ila meneja alimwambia, "Andika kumi, ndiyo utaratibu wetu." Miezi mitatu daftari likaandikwa hivyo. Mwezi wa nne watu wakaanza kutoka kama lilivyosema.

Basi Bi Mvuke mmoja alivua aproni, akachukua kikapu chake, akamuaga mlinzi wa getini. Mwingine akabaki na shuka lake. Saa kumi na mbili naye alimuaga mlinzi. Kwaheri ya kwanza mlinzi aliipokea amesimama. Ya pili aliipokea amekaa.

"Karibu tena," mumewe alimwambia mlangoni. "Mwenzako kashamaliza chai."

"Huyo si ni mimi, mzee?"

"Najua. Ndiyo maana sikumfukuza."

Bi Mvuke wa nyumbani alikuwa amemsuka mjukuu nywele upande mmoja. Wa kazini akaketi naye kwenye kiti kimoja, wakawa mtu mmoja kama kawaida. Uchovu ukagawanyika nusu kwa nusu, akamalizia upande wa pili akiimba.

Hata hivyo jambo moja lilimkera. Miguu yake ilisimama mpaka saa kumi na mbili, naye alitaka iandikwe hivyo. Wapiga pasi wakashauriana, wakafungua kesi.

"Ukishinda," mumewe alimwambia, "yule wa saa kumi haji tena."

Bi Mvuke alimtazama mjukuu. "Basi utajitengenezea chai. Kilichofanyika kiandikwe."

Mahakamani, wakili wa kampuni alimleta jirani, mama mnyoofu asiyejua kusema uongo. Akaapa kwamba saa kumi na moja alimwona Bi Mvuke barazani anasuka nywele, tena akamwazima kitana.

"Ni kweli?" hakimu akauliza.

"Kweli kabisa, mheshimiwa. Na kitana nimesharudisha."

"Na kazini je?"

"Nilikuwepo."

Hakimu aliandika yote mawili. Alikuwa na kesi nyingine nane siku hiyo.

Wakili alikwishaanza kufunga mkoba wake pale hakimu alipoitisha vitabu vyote vya kampuni, hata kile kidogo kinachokaa ndani ya sanduku la dawa. Humo, kwa mwandiko ule ule ulionyooka, mlikuwa mmeandikwa: saa kumi na moja na dakika tano, mpiga pasi kaungua kiganja, kapakwa dawa. Karani alikuwa amedanganya katika daftari aliloamriwa tu. Mengine aliyaandika kama mama yake alivyomlea.

Bi Mvuke akanyoosha kiganja. Kovu lilikuwepo.

"Uongo ukigeuka kweli, aliyeuandika hajawa mkweli," hakimu akasema. "Kughushi kumbukumbu za kazi ni kosa." Karani akapewa kifungo cha nje cha miezi sita, afagie uwanja wa mahakama. Meneja alisema yeye hasomi madaftari, akapewa onyo, akawahi chakula cha mchana. Kampuni ikaamriwa kusahihisha saa zote. Wapiga pasi walipiga vigelegele mpaka wakatolewa nje.

Kampuni ikaajiri karani mpya, mpwa wa meneja. Mwandiko wake mbovu, lakini kumi yake inasomeka.

Jumatatu, saa kumi, Bi Mvuke alivua aproni, akaendelea kupiga pasi. Safari hii hakwenda nyumbani. "Uzuri wa kutoka mapema ndio huu," aliwaambia wenzake kumi na mmoja, "mtu anapata nafasi ya kufuatilia kesi." Wakaongozana mpaka mahakamani, wakakuta ofisi imefungwa. Hufungwa saa tisa na nusu. Wakakaa kwenye ngazi, wakapiga soga.

Karani wa zamani akafika na ufagio. "Shikamooni, mama zangu. Naomba miguu."

"Marahaba." Wakainua miguu yote ishirini na minne, akafagia chini yake.

"Baba, wewe hapa unatoka saa ngapi?" Bi Mvuke akamuuliza.

"Saa kumi na mbili."

"Na wanaandika ngapi?"

Karani akaegemea ufagio, akaelekeza kidevu ng'ambo ya barabara. Yeye mwenyewe alikuwa kule pia, mkoba begani, anaelekea nyumbani.

"Anatembea vizuri," Bi Mvuke akasema, akasogea kumpisha huyu wa ufagio. "Kaa kwanza."