Tiketi ya Mwaka

Kazini walimwita Bwana Nafuu, na yeye alidhani wanamsifu. Alikuwa karani wa bima, hodari wa kuwaeleza wateja hatari za maisha, na kila siku ya kazi alipanda treni kwenda mjini. Siku aliyoona tangazo kwamba tiketi ya mwaka, Jumatatu hadi Ijumaa, ina punguzo kubwa kuliko ya mwezi, hakula mchana kwa furaha. Hilo nalo alilihesabu kuwa akiba.

Alichukua fedha zilizowekwa kwa ajili ya paa la chumba ambamo mkewe, fundi cherehani, alishonea sare za shule. Mkewe alimuuliza mvua ikinyesha itakuwaje. Akamjibu kwamba mvua ni ya msimu, lakini akiba ni ya mwaka mzima. Jibu hilo lilimpendeza mno, akalirudia na kwa jirani.

Hata mwezi haujakwisha, meneja akamwita na kumpa habari njema. Kampuni imefungua tawi jipya nyuma ya soko, mtaani kwao kabisa, na yeye ndiye aliyechaguliwa kwenda kulifungua kila asubuhi. Bwana Nafuu alipokea habari hiyo kama mtu aliyefiwa. Aliomba abakishwe mjini. Meneja, ambaye hakuwahi kuona mtu anayekataa kufanya kazi karibu na kwake, alimsifu kwa moyo wake wa kujitolea, kisha akamhamisha.

Akakimbilia dirisha la tiketi. Huko akaelezwa, kwa upole wote, kwamba tiketi ya punguzo hairudishwi, wala haipewi mtu mwingine, maana ina picha yake. Na kweli picha ilikuwepo, akitabasamu.

Basi, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Hakumwambia mkewe lolote. Alfajiri aliaga kama kawaida, akapanda treni hadi mjini, akashuka, akavuka upande wa pili wa kituo, akapanda treni ya kurudi, kisha akatembea hadi nyuma ya soko kufungua ofisi. Alifika amechoka, lakini hakuna aliyeweza kusema tiketi yake imelala bure. Jioni, ili asionekane nyumbani mapema, alirudia safari ileile. Wiki kadhaa zikapita hivyo, na kila mara alipoonyesha tiketi alijihesabia faida.

Kisha mvua ikanyesha. Maji yalivuja juu ya vitambaa vya sare, na mkewe akaamua kwenda kuikatia bima cherehani yake kabla haijaota kutu. Akasikia kuna ofisi mpya nyuma ya soko. Akaingia, akakuta mumewe amekaa nyuma ya meza, kalamu sikioni.

Hakupiga kelele. Alivuta kiti, akakaa, akamtazama mpaka kalamu ikaanguka.

"Karani," akasema, "treni imeanza lini kushusha abiria hapa?"

Mwanamume alieleza yote, mpaka ile safari ya jioni. Alipomaliza, akaongeza kwa sauti ya chini kwamba kila safari inapunguza hasara.

"Mume wangu, unazunguka kama jiwe la kusagia, na unga sioni. Kesho utabeba mzigo wangu."

Kesho yake, kwa treni yake ya alfajiri, alibeba furushi la sare kwenda kwa mwenye duka mjini aliyekuwa akiziagiza. Kazi ilikuwa rahisi: kukabidhi na kupokea fedha. Bwana Nafuu alikabidhi, mwenye duka akalalamika kidogo, na papo hapo karani akampunguzia bei bila hata kuombwa.

Mkewe alizipokea fedha hizo, akazihesabu, akazihesabu tena.

Tangu siku hiyo hupanda treni pamoja. Mke hulipa nauli kamili kila safari, maana biashara yake amekataa kumwachia mtu. Mume hubeba furushi. Asubuhi moja alimweleza kwa kirefu jinsi na yeye angenufaika na tiketi ya mwaka. Mkewe alikuwa ameshalala, kichwa kikiwa begani kwake. Bwana Nafuu akakaa bila kutikisika njia nzima, na bega likafa ganzi.